Mtani na Matairi ya Kipara

Kornelio alikuwa fundi tairi pale Keko, na kosa lake kubwa lilikuwa kuchekesha. Si kosa la kumpeleka mtu mahakamani, lakini lina adhabu yake, nayo humfika mtu siku anapotaka kusema jambo la kweli.

Banda lake lilibanwa na mafundi sofa kushoto na kulia, kiasi kwamba mteja wa pancha akichoka kusimama alikwenda kukaa kwenye sofa jipya la watu, akaegemea kabisa, mpaka Mashaka mwenye sofa atoke kumuuliza kama ananunua au amekuja kupumzika. Wateja karibu wote walikuwa wa bodaboda na bajaji. Mmoja tu ndiye aliyekuja na pikipiki kubwa, ile ya kuinamia, inayotetemesha vikombe vya mama ntilie wa jirani. Huyo ni Talha, mwenye karakana ya kuchapa fulana kule Mikocheni, mkazi wa Kinondoni, mtoto wa Pwani kwa baba na mama. Na alikuwa mtani wake.

Mtani kwa maana kamili. Kabila la Kornelio kule kusini na kabila la Talha ni watani tangu enzi za mababu, na wao wawili waliufanya utani huo kama kazi ya pili. Talha alimwita mla panya. Kornelio alimwita mtu wa ngoma, akasema kwao hata mtoto akiota jino watu hukesha wanacheza na kesho yake hakuna anayekwenda kazini. Mgeni angedhani watachomana visu. Wenyeji walijua kwamba mtani hakasirikiwi. Akikunyang'anya kofia, ni yake mpaka aichoke. Akikusema mbele ya mkweo, unacheka. Na ukifa, yeye ndiye anayevaa nguo zako msibani, akaigiza ulivyotembea na ulivyokohoa, mpaka waliokuwa wakilia wajikute wanacheka na machozi hayajakauka. Hiyo ni kazi yake, na wengine hawaruhusiwi kuigusa.

Mwaka jana Kornelio alivuka hata mpaka wa watani. Alikata kichwa cha msumari, akakibandika kwa gundi kwenye tairi jipya la Talha, halafu akamuaga vizuri kabisa. Talha alipofika Mikocheni akauona. Hakuthubutu kuwasha tena pikipiki. Alikodi Kirikuu, kigari cha mizigo, akaipakia, akarudi nayo Keko amevimba kwa wasiwasi. Kornelio alimpokea kwa uso wa daktari, akainama, akautazama msumari kwa muda, akaukwangua kwa ukucha, ukadondoka. Mafundi sofa walicheka mpaka mmoja akajigonga nyundo. Talha naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Tuukumbuke msumari huo, maana ndio uliokuja kumponza Kornelio.

Mwaka huu watu wa pikipiki kubwa walipata uwanja. Kulikuwa na tajiri mmoja mwenye eneo kubwa upande wa Kisarawe, akamwaga lami ya mzunguko yenye kona za kila namna, akaipangia kuta za matairi mabovu pembeni, akatangaza Jumapili ya watu wanaoanza. Tangu Talha aliposikia habari hiyo hakulala vizuri. Wenzake walikuwa wakifikiria mwendo, yeye alikuwa akifikiria matairi. Alitazama video mpaka simu ikawa ya moto. Alikuja Keko karibu kila jioni, akakaa kwenye sofa la Mashaka na kumhutubia Kornelio.

"Nimeamua," alisema siku moja. "Nafunga kipara."

Kornelio alikuwa ameshika tairi la bajaji. Aliliweka chini. Kwa fundi tairi wa Keko, kipara ni neno la aibu. Ni tairi lililoisha, linalomfanya trafiki akusimamishe kwa furaha. Maisha yake yote amewaambia watu watoe vipara, na sasa mtu mwenye akili zake anataka kukitafuta.

"Mtani," alisema, "nilijua siku moja ngoma zitakuingia kichwani."

"Sikiliza, mla panya. Kashata za tairi kazi yake nini?"

"Kushika barabara."

"Kutoa maji. Hizo kashata na mifereji yake ni za mvua. Kwenye lami kavu, kila mfereji ni mahali ambapo raba haipo. Kipara cha mbio kinakanyaga lami kwa mwili mzima. Na raba yenyewe si hii yenu ngumu ya kubebea mkaa. Ni laini. Ikipata moto inanata."

"Na isipopata moto?"

"Inateleza. Ndo maana wenyewe wanayavisha matairi blanketi za umeme kabla hawajaingia uwanjani."

"Tairi linajifunika blanketi na mie nyumbani nina shuka tu."

Walicheka, lakini Kornelio alisikiliza. Alipenda kusikiliza habari za raba kama wengine wanavyopenda habari za mpira. Talha alimweleza kwamba raba zipo laini, za kati na ngumu. Kwamba laini mno kwa jua la Dar huisha kabla hujaizoea. Kwamba uwanjani hujazi upepo kama wa barabarani, unapunguza, maana tairi likichemka upepo unapanda wenyewe. Kufika mwisho wa wiki Kornelio alikuwa amekubali kwamba kipara si lazima kiwe marehemu. Kuna kipara kilichozaliwa hivyo.

Matairi mapya ya namna hiyo hayakupatikana mjini, na kuagiza kungepitisha Jumapili yenyewe. Talha alisikia habari za bwana mmoja aliyekuwa akihama nchi na kuacha vitu vyake. Miongoni mwake kulikuwa na jozi moja ya vipara vya mbio, raba ya kati, vimetumika kidogo, vimekaa stoo miaka kadhaa. Talha aliviona, vinang'aa, havina hata mchubuko. Alivichukua siku hiyohiyo.

Jumatano alikuja Keko na magurudumu mawili ya pikipiki na hivyo vipara juu yake. Alimwachia Mashaka koti lake la ngozi la kuendeshea, lililofumuka begani, maana fundi sofa ndiye mwenye cherehani ya kushona ngozi. Alimwachia Kornelio magurudumu.

"Toa haya ya kashata, funga wafalme," alisema. "Kesho nakuja kuchukua."

Kornelio alitoa matairi ya zamani, ambayo bado yalikuwa na uhai mwingi, akayatundika. Halafu akachukua kipara cha mbele kwa heshima ya mtu anayeshika kitu alichokisikia sana. Akakibonyeza kwa ukucha, kama alivyozoea kubonyeza kila raba inayopita mikononi mwake. Ukucha haukuingia. Akabonyeza pembeni, kwenye bega la tairi, pale ambapo pikipiki ikilala kwenye kona ndipo inapoegemea. Ukucha ukateleza kama juu ya bakuli la plastiki.

Alikipanua kwa mikono akachungulia ndani. Karibu na mdomo, pale tairi linapong'ata ringi, kulikuwa na nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka. Akakikunja zaidi, nazo zikafunguka. Kipara cha nyuma kilikuwa na afadhali, lakini si ya kujisifia. Stoo ya yule bwana lazima ilikuwa chini ya bati. Matairi yale yalikaangwa miaka yote hiyo bila mtu kuyagusa, na ngozi ya juu ikabaki inapendeza.

Kornelio hakuwa mjuzi wa mbio. Asingeweza kumwambia Talha achukue kona ya pili kwa mwendo gani. Lakini alijua raba iliyokufa, na alijua kwamba raba iliyokufa haichemki ikanata hata uivishe mablanketi ya hospitali nzima. Alichukua simu.

"Mtani, haya matairi yamekufa."

"Innalillahi," alisema Talha. "Yameacha wajane?"

"Nasema kweli. Raba imekauka, na ndani kuna nyufa."

"Wiki iliyopita uliniambia mkwe wangu amekufa kwa kula ubwabwa mwingi. Nikampigia, akapokea mwenyewe."

"Ile ilikuwa utani. Hii siyo."

"Haya, nimekusikia. Tusubiri matanga."

Akakata simu akicheka. Kornelio alibaki ameishika, akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwambia Talha jambo bila kulifungia mzaha. Hakukumbuka. Hata siku Munira, mke wa Talha, alipojifungua, alikwenda hospitali na kuuliza kama mtoto analia kwa mdundo.

Basi akafanya lililomjia. Aliona kwamba mtu akikosa matairi hawezi kuyapanda, akamwomba Mashaka ayafiche. Mashaka, ambaye naye hakujua kama huu ni utani au siyo, aliyaingiza kwenye fremu ya sofa ambalo halijajazwa, akatandika kitambaa juu.

Siku ya pili Talha alikuja, akaambiwa matairi yameibwa na panya waliokuwa wanalipiza kisasi cha ndugu zao. Hilo Kornelio hakulipanga. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea, na alipolisikia likitoka alijilaani. Talha alifurahi sana. Alizunguka banda zima akitafuta kama mtoto, akapekua mapipa, akachungulia kwa mama ntilie, mwisho akajitupa kwenye sofa.

"Mashaka," alisema, "sofa lako hili lina mbavu."

Yakatolewa, kila mtu anacheka isipokuwa fundi tairi. Kornelio alilishika lile la mbele, akalipanua, akamwonyesha nyufa. "Tazama hapa. Tazama kwa macho yako, basi."

Talha alitazama. Kweli alitazama, na kwa sekunde moja uso wake ukawa wa mtu anayefikiri. Kisha akatabasamu.

"Umepitisha wembe."

"Sijapitisha wembe."

"Kornelio, wewe ni mtu uliyekata msumari kwa msumeno, ukaubandika kwa gundi. Wembe utakushinda?"

"Haki ya Mungu nakuapia."

"Na kwa msumari uliapa. Ulitaja na jina la mtakatifu somo wako."

Ilikuwa kweli. Aliapa, tena kwa mkono juu. Mafundi sofa wote walikuwa mashahidi na sasa walikuwa wakimkumbusha. Talha alipakia vipara na magurudumu kwenye bajaji, akasema kama fundi wake amegoma wako mafundi wengine mjini, wasiokula wanyama wadogo. Akaondoka anapunga mkono. Koti lake lilibaki kwa Mashaka, bado halijashonwa, na matairi ya zamani yalibaki yametundikwa.

Kornelio alimpigia Munira. Munira alimwita shemeji, kama siku zote, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, nyie mtakuja kuuana kwa mizaha yenu," akampa pole kwa kushindwa kuyaficha yale matairi. Hata yeye alikuwa na msumari wake wa kukumbuka, mzaha aliowahi kufanyiwa. Kornelio alikata simu, akaona aibu kali, aibu ya mtu aliyefika dukani na hela ambayo imeshapigwa marufuku.

Nyumbani kwake Temeke alimkuta mkewe, Rosalia, anamenya mihogo. Akamweleza. Rosalia hakucheka, na kwa hilo tu Kornelio alitaka kumbusu.

"Mwambie kwa upole," alisema Rosalia.

"Nikiwa mpole ndo atacheka mpaka alale chini. Atasema nimeanza mbinu mpya."

"Mwite baba paroko amwambie."

"Talha Muislamu."

"Mwite shehe."

"Shehe atauliza habari hizi kazitoa nani."

Rosalia alimenya muhogo mwingine. "Umejitakia, mume wangu. Miaka yote nakwambia uwe unabakizaga neno moja la kweli, hukusikia. Sasa mwambie kwa lugha anayokuelewa. Mnayo hiyo moja tu."

Maneno hayo yalimrudisha Kornelio kwenye msiba wa Mzee Mwishehe, baba yake Talha, miaka ile. Kornelio ndiye aliyevaa kanzu ya marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akivuta mguu, akiuliza nani amemhamishia redio yake, akikohoa kile kikohozi chake chenye ghadhabu. Watu walicheka mpaka wakashikana. Bi Mwanabaraka, mjane mwenyewe, alicheka akiwa ameziba uso kwa upande wa khanga. Na baadaye, watu walipotawanyika, alimshika Kornelio mkono akamwambia kwamba kwa dakika ile alimwona mumewe amerudi, ndipo akajua kwamba hatarudi.

Jumamosi alasiri Kornelio alimwomba Mashaka koti.

"Nimeshalimaliza. Unampelekea?"

"Nampelekea," alisema Kornelio, akalivaa. Lilimbana tumboni. Akayatungua yale matairi ya zamani, moja bega la kulia, moja la kushoto, akachukua bajaji mpaka Kinondoni.

Nyumba ya kina Talha ilikuwa na ua wa mchanga mbele. Talha alikuwa hapo anaifuta pikipiki, imesimama juu ya stendi zake, imevaa vipara tayari, inang'aa kama bwana harusi. Barazani Bi Mwanabaraka alikuwa anapepeta mchele, Munira anamsuka jirani. Walipomwona Kornelio anaingia na koti la Talha na matairi mabegani, wote walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Kwa miaka yote walikuwa wakimpokea hivyo.

Kornelio hakusalimia. Aliyatua matairi, akaketi mchangani, akashika tama.

"Nani kafa?" aliuliza Bi Mwanabaraka, maana alijua zamu yake katika mchezo huo.

"Mwanao, mama."

"Masikini. Kafa na nini?"

"Ubishi."

Walicheka. Talha alitupa kitambaa begani akaja karibu, mikono kiunoni, akifurahia msiba wake. Kornelio akasimama, akawa Talha. Alisukuma miwani ambayo hakuwa nayo kwa kifundo cha kidole, kama Talha anavyosukuma yake. Alivuta pumzi puani mara mbili kabla ya kusema, kama Talha. Alizunguka pikipiki, akapapasa tangi, akasema kwa sauti ya Talha hasa, ile ya kufundisha: "Sikiliza. Kipara kinakanyaga lami kwa mwili mzima." Munira aliacha nywele za watu akajishika mbavu.

Akapanda pikipiki ya hewani. Akainama. Akanguruma kwa mdomo, akabadili gia, akapita mbele ya baraza. Akafika kona ya kwanza, akatoa goti. Akapita. Kona ya pili, akalala zaidi, bega karibu na mchanga. "Shika," alisema kwa sauti ya Talha. "Shika, raba." Akasubiri kidogo. "Shika." Raba haikumwitika. Mguu wa Kornelio ukateleza, akaanguka ubavu, akaburuta mchanga kwa koti zima, akagota kwenye msingi wa ukuta na kutulia.

Walicheka, kisha wakasubiri ainuke, maana msibani mtani huanguka halafu akainuka na kudai soda. Kornelio hakuinuka. Alilala kama alivyoangukia, mkono mmoja chini ya mwili, uso mchangani. Jirani aliendelea kucheka peke yake kwa muda, akaona yuko peke yake, akaacha.

Bi Mwanabaraka aliweka ungo chini.

"Alivyovaa kanzu ya baba yako alifanya hivihivi," alimwambia mwanawe. "Ila siku ile baba yako alikuwa keshazikwa." Akaitazama pikipiki. "Talha, mie sicheki."

Kornelio alisikia maneno hayo akiwa chini. Alikuja na mpango wa kulala mpaka waogope, basi. Hakupanga kulia. Lakini alipokuwa amelala mle ndani ya koti lile, akinusa jasho la mtani wake kwenye kola, alijua jinsi ambavyo angelivaa tena Jumatatu, msibani kwa Talha, kwa kazi yake halali, na jinsi ambavyo angelazimika kuchekesha. Kilio kikamtoka, kibaya, cha puani, hakina mchezo wowote ndani yake.

Talha alichuchumaa. "Mtani, amka."

"Siamki."

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Toa matairi."

"Kornelio. Ulipitisha wembe au hukupitisha?"

"Sikupitisha." Aligeuza uso wake, mchanga umeganda kwenye machozi. "Msumari niliubandika mie. Wembe sikupitisha. Sina namna nyingine ya kukwambia, Talha. Nimezimaliza zote."

Talha alishtuka kidogo. Hakuwa amewahi kuitwa jina lake na mtu huyu. Alimtazama kwa muda, akaitazama pikipiki yake, vipara vikimeremeta, kitu alichokitafuta siku zote hizo. Munira alikuwa amesimama mlangoni mikono kifuani. Talha aliinuka, akaenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na spana.

Walifungua pamoja. Kornelio alilitoa tairi la mbele kwenye ringi kwa shida, maana mdomo ulikuwa mgumu na ukameguka mahali kipande kidogo. Alimpa Talha mwenyewe alipanue. Talha alipitisha kidole ndani, taratibu, kuzunguka tairi zima, mpaka akarudi alipoanzia. Nyufa zilikuwepo njia nzima.

"Hii haiwezi kuwa kazi yako," alisema hatimaye. "Huna subira hii."

Wakafunga matairi ya kashata. Talha mwenyewe ndiye aliyesema ajaze upepo kiasi gani, akaeleza sababu, na Kornelio akajaza. Bi Mwanabaraka alirudi kwenye mchele wake, lakini aliupepeta bila kuutazama, na mwingi ulimwagikia mchangani.

Jumapili Kornelio hakwenda misani. Alisimama Kisarawe kwenye uzio, jua limewaka, lami kavu kabisa, siku ambayo kipara chenye uhai kingetamba. Wawili watatu walikuwa navyo, vipya, na walimpita Talha kama amesimama kununua maji. Talha alikwenda kwa matairi yake ya kashata kona baada ya kona, mpole kuliko Kornelio alivyowahi kumwona, akamaliza wa pili kutoka mwisho. Nyuma yake alikuwepo mzee mmoja aliyesimama katikati kufunga kamba ya kiatu.

Talha alirudi kwenye kivuli anatiririka jasho. Akaketi juu ya ndoo, Kornelio juu ya tairi. Lilikuwepo la kusema kuhusu yule mzee na kamba yake, zuri sana, limeiva. Kornelio aliliacha lipite.

"Kile kipara kingenitupa," alisema Talha. "Kona ya pili. Nilipofika pale nikaliona kabisa lile anguko lako."

"Mm."

Talha alifungua maji, akanywa, akampa. "Lakini umeniharibia kitu kimoja."

"Kipi?"

"Umeshanifanyia msiba. Koti umelivaa, miwani umesukuma, kuanguka umeanguka. Mama amecheka, amenyamaza, kila kitu." Alikuwa akitabasamu, anamchokoza, anasubiri arudishiwe. "Sasa siku yangu ikifika kweli, mla panya, utafanya nini tena?"

Kornelio aliigeuza chupa mkononi.

"Nitalia tu," alisema. "Kama watu wengine."

Talha alimtazama usoni, akingoja acheke. Kornelio alikunywa maji, akamrudishia chupa. Hakucheka, na safari hii haikubidi alale mchangani ndipo aaminike.